Nyuki, Kuku na Mimi

Kila nirudipo shuleni kutoka likizo, wenzangu wa bwenini hunitazama uso kwanza kabla ya kunisalimu. Wataka kujua safari hii ni jicho lipi lililovimba. Yule aliye mcheshi kuliko wote huuliza, "Je, mzee wa nyuki, umetuletea asali au umetuletea mdomo?" Wote hucheka, nami hucheka pamoja nao, kwa maana nimekwisha jifunza kwamba mtu afugaye nyuki na kuku lakini hapendi kuchekwa, heri afuge mawe.

Bwana Mhariri ameniomba nieleze katika kurasa hizi za Kiswahili mambo ya kuchekesha yaliyomo katika mchezo wangu huu wa wakati wa mapumziko. Nimekubali kwa furaha. Lakini yafaa niseme tangu mwanzo jambo moja nililoligundua. Kila mara nilipochekwa, palikuwapo jambo la kweli ambalo kuku au nyuki walilijua, nami sikulijua. Kicheko kilitangulia, elimu ikafuata nyuma. Na mara moja elimu ilichelewa mno, na kicheko kikageuka kilio.

Kwetu ni Nchelenge, ukingoni mwa ziwa Mweru. Ukisimama ufukoni pale Kashikishi asubuhi, maji yanafika hata mwisho wa macho, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Watu wa kwetu ni wavuvi. Mtu akisema kazi, maana yake ni nyavu na mashua. Kuku na nyuki ni mambo ya bibi na watoto. Lakini kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wapate kuzaana. Katika miezi hiyo mitatu ndipo utakapojua nani ana kuku na nani hana. Bibi yangu hana akiba benki. Akiba yake hutembea uani na kuchakura. Akitaka chumvi na sabuni huuza mayai. Akipata ugonjwa huuza mtetea. Akija mgeni wa heshima jogoo hupatwa na msiba. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Nilianza likizo ya Aprili mwaka juzi. Kuku mmoja wa Bibi alikuwa anataka kuatamia. Jirani yetu alinipa mayai manne ya bata, nami nikaona hapa pana njia ya kuwa tajiri upesi. Nikayaweka yale mayai manne pamoja na mayai sita ya kuku, yote siku moja, chini ya mama mmoja. Bibi alikuwa ameketi mlangoni anamenya mihogo. Akaniuliza, "Umehesabu?" Nikajibu, "Nimehesabu, Bibi. Ni kumi." Akasema, "Haya," akaendelea na mihogo yake.

Siku ya 21 vifaranga vitano vya kuku vikatoka. Kesho yake mama yao akasimama, akajikung'uta, akaondoka nao kwenda kuwafunza kuchakura, na yale mayai ya bata akayaacha yapoe kama mawe. Nikamkimbiza mama yule uani, nikimsihi arudi. Nikamweka juu ya mayai kwa nguvu, akanidonoa, akaondoka tena. Watoto wote wa jirani walikuja kutazama mwanafunzi wa sekondari akimbembeleza kuku. Ndipo Bibi aliponiambia, "Mimi sikukuuliza hesabu ya mayai. Nilikuuliza hesabu ya siku." Yai la kuku hutaka siku 21, yai la bata wa kawaida hutaka 28. Atakaye kuyachanganya hana budi kutanguliza mayai ya bata kwa siku saba. Mama kuku hana kalenda ukutani, lakini sauti ya vifaranga ndiyo kalenda yake. Akiisikia hukaa kidogo, kisha hujua kazi imekwisha.

Likizo ya Agosti Bibi alinikabidhi kundi lake lote, jogoo mmoja na mitetea sita, naye akaenda kumwuguza ndugu yake kwa siku chache. Nikajiona bwana shamba. Siku ya tatu mama mmoja auzaye dagaa aliingia uani na kapu lake. Akanisalimu kwa adabu, kisha akauliza, "Mukwai, ni nani mwenye kuku hawa wazuri?" Nikajibu kwa majivuno, "Ni wangu, mama." Akasema, "Vema. Basi nilipe dagaa wangu."

Kumbe kuku wangu walikuwa wakishuka ufukoni kila asubuhi. Dagaa wadogo wa ziwa letu, ambao sisi tunawaita chisense, huanikwa juani juu ya mchanga, na kuku wangu walijiona wamealikwa karamuni. Nililipa kwa fedha zangu za daftari. Baadaye Mjomba alinieleza sababu. Kuku anayekula maganda ya mihogo na pumba peke yake hupata shibe, lakini hapati vitu vya kujenga mwili; na yai limejaa vitu hivyo. Mtetea akikosa chakula cha kutengenezea yai, hukitafuta po pote kilipo, hata kama kina mwenyewe. Basi nikawa nanunua makombo ya chisense, yale yaliyovunjika ambayo hayauziki, nikiyasaga na kuyachanganya na pumba. Safari za ufukoni zikapungua, na mayai yakaongezeka. Yule mama mwenye dagaa ndiye aliyeniuzia makombo hayo, kwa hiyo alipata faida mara mbili.

Katika likizo hiyo hiyo Mjomba alileta dawa ya chanjo ya kideri. Ugonjwa huu ni adui mkubwa wa kuku wa vijijini. Kwa Kiingereza hupewa jina la mji wa Newcastle huko Uingereza, mahali ulipoonekana mwaka 1926, lakini Afrika unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa muda wa wiki moja au mbili. Chanjo yake ni rahisi: tone moja katika jicho la kila kuku, na kurudia baada ya miezi michache. Mjomba akasema, "Wakusanye kuku, nitakuja." Hakusema saa ngapi, nami sikuuliza. Nikaanza saa sita za mchana. Nilikimbia mpaka chini ya ghala, nikaingia katika shamba la mihogo la jirani, nikaanguka juu ya sufuria la Bibi likapata bonde ambalo lingalipo hata leo. Saa tisa nilikuwa nimemshika kuku mmoja, naye si wetu.

Mjomba akaja magharibi, akanikuta nimelala chini nikihema. Akaketi juu ya kinu, akawasha tumbako. Giza lilipoanza kuingia, kuku wote saba wakaja wenyewe, mmoja mmoja kama wanafunzi waingiao kanisani, wakapanda mahali pao pa kulala. Kuku haoni vizuri gizani, kwa hiyo hurudi nyumbani kabla ya usiku, na akisha tulia hushikwa kama embe mtini. Tukamaliza kazi kwa robo saa. Mjomba akasema, "Mfugaji mvivu huchagua saa, na mfugaji mwenye bidii huchagua miguu." Nikacheka sana. Ole wangu, sikujua kwamba somo lile la saa lilikuwa la nyuki pia.

Sasa niwaeleze habari za mzinga. Mjomba ana mizinga shambani kwake porini, naye aliniundia mmoja wa mbao. Si gogo wala gome la mti kama ile ya zamani. Ni sanduku refu, pana juu na jembamba chini, na juu yake hupangwa fito zenye upana wa milimita 32 kila moja. Mzinga wa namna hii ulienea kutoka Kenya katika miaka ya 1970. Upana huo wa fito si bahati nasibu. Ndio nafasi ambayo nyuki wa Afrika hupenda kuacha kati ya sega na sega. Ukiwapa nafasi hiyo, kila sega litaning'inia katika ufito wake, nawe waweza kuliinua moja bila kuvunja mengine.

Mjomba alikuwa hajamaliza kuchonga fito, basi nikaliacha sanduku wazi chini ya ukumbi. Asubuhi moja nikachungulia, nikaona mzinga wangu umekwisha pata mkaaji. Alikuwa mtetea mwekundu wa Bibi, ameketi juu ya mayai matatu, akinitazama kama karani amtazamavyo mtu asiye na barua. Nikataka kumtoa. Bibi, ambaye alikuwa amekwisha rudi, akakataa. Basi mzinga wangu wa nyuki ukazaa kwanza kuku, nami nikangoja siku 21. Katika kungoja huko nikasoma kitabu cha nyuki kilichoko maktabani mwetu, nikakuta jambo lililonistaajabisha: nyuki kibarua naye, tangu yai mpaka kutoka katika tundu lake akiwa na mabawa, huchukua siku 21. Malkia huchukua siku 16, na dume 24. Nikamwambia Bibi. Akasema, "Basi mtetea wangu hakukosea nyumba."

Mwezi wa Septemba, fito zilipokuwa tayari, Mjomba alizipaka nta, akaupandisha mzinga juu ya nguzo katika mwembe wa uani, nami nikarudi shuleni. Mwezi wa Oktoba, miti ya miombo ilipotoa maua, nikapata habari kwamba nyuki wameingia. Hakuna aliyewaleta. Kundi likizidi kuwa kubwa, malkia mzee huondoka na sehemu ya watu wake, nao hujikusanya bumba moja katika tawi. Wapelelezi hutoka kutafuta nyumba, na wakirudi hucheza ngoma. Karl von Frisch, mwenyeji wa Austria, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, na mojawapo ya kazi zake kubwa ilikuwa kuifasiri ngoma hiyo. Nyuki huenda mbele huku akitikisa kiuno. Upande aelekeao huonyesha njia kwa kulinganisha na jua, na urefu wa kutikisika huonyesha umbali. Sisi watu wa Luapula hatuoni ajabu kwamba ngoma yaweza kusema. Mwata Kazembe akicheza Mutomboko kule Mwansabombwe kila mwaka mwezi wa Julai, kila mkono wake una maneno. Ajabu ni kwamba nyuki mdogo kuliko ukucha aweza kueleza njia ya kilomita nyingi, na mimi nikiwaeleza wageni njia ya kwenda dukani hupotea.

Likafika Desemba, na ziwa likafungwa. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimemnunulia Bibi mtetea mweusi kwa akiba yangu. Kuku wenyeji wakampokea kwa midomo. Schjelderup-Ebbe wa Norwe aliandika mwaka 1922 kwamba kuku wana ngazi ya vyeo: wa kwanza humdonoa wa pili, wa pili humdonoa wa tatu, hata mwisho kuna maskini anayedonolewa na wote naye hana wa kumdonoa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawahitaji kitabu ili kuliamini jambo hili. Ili mgeni asitoroke kurudi kwao, nikamfunga kamba mguuni chini ya mwembe, kwa maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Juu yake palikuwa na mzinga. Hatua kumi kutoka hapo, katika kapu chini ya ukumbi, mtetea mwekundu alikuwa anaatamia mayai tisa.

Mjomba alikuwa ameniambia nimngoje, tutalina asali pamoja siku ya Jumamosi magharibi. Lakini siku ya Alhamisi walikuja rafiki zangu wawili, nami nikataka wanione. Huo ndio ukweli. Sikukosa maarifa, nilitaka kutazamwa. Saa tatu asubuhi, jua likiwa kali, nikavaa koti la Mjomba, nikafunika kichwa kwa neti ya mbu, nikawasha bomba la moshi. Sikupata mavi makavu ya ng'ombe wala magunzi ya mahindi, nikatia matambara yaliyolowa mafuta ya taa. Tena nilikuwa nimekula ndizi nne mbivu, na mikono sikuinawa.

Hebu sasa tuhesabu makosa, kila moja na sababu yake. Kwanza, moshi. Moshi mweupe uliopoa humfanya nyuki afanye kama moto wa porini unakuja. Hukimbilia asali na kujaza tumbo tayari kwa safari. Tena hufunika harufu ya hatari wanayopeana. Lakini moshi wangu ulikuwa moto na ulinuka mafuta, haukuwatuliza, uliwaunguza. Pili, ndizi. Nyuki anapouma huacha harufu inayowaita wenzake, na mwaka 1962 wataalamu walitambua kwamba kitu kimoja kikubwa katika harufu hiyo ndicho kile kile kinachoipa ndizi mbivu harufu yake. Mimi nilipanda mtini nikinukia kama mtu aliyekwisha umwa. Tatu, saa. Asubuhi nyuki wakali wa kulinda wanaona vizuri na huruka mbali. Magharibi hurudi nyumbani, na giza huwazuia kumfuata mtu. Lile somo la kuku na magharibi sikulihamisha kwa nyuki.

Nyuki wa kwanza aliingia ndani ya neti. Mtu aliye nje ya neti pamoja na nyuki ana nafasi. Mtu aliye ndani ya neti pamoja na nyuki hana shauri. Nikaruka kutoka mtini, nikakimbilia ziwani. Rafiki zangu, walionijia kunitazama, walikuwa wamenitangulia mbele sana. Pale ufukoni wazee waliokuwa wakishona nyavu waliona kitu kinakuja kimevaa koti na neti, kinapiga kelele, na wingu jeusi nyuma yake. Wakaanza kucheka. Nikajitupa majini, nikazama. Nikaibuka kuvuta pumzi, nyuki wakaniuma midomo. Nikazama tena. Mzee mmoja akaniita, "Kijana, mamba!" Nikaibuka. "Nyuki!" Nikazama. Kisha nyuki wachache waliochoka kuningoja wakawageukia wazee, na kicheko kikakimbia pamoja na wenye nacho. Basi msomaji ajue kwamba maji si kimbilio. Nyuki hungoja. Afadhali ukimbie moja kwa moja bila kupunga mikono, uingie ndani ya nyumba na kufunga mlango.

Hadithi hii nimeisimulia bwenini mara nyingi, nami huimalizia hapo palipo na kicheko. Leo nitaimaliza.

Niliporudi jioni, uso umevimba kama boga, uani palikuwa kimya. Harufu ya hatari ikisha enea, nyuki humwuma kila kiumbe kilicho karibu na mzinga. Kuku waliokuwa huru walikuwa wamekimbilia chini ya ghala na kwenye nyasi. Mtetea mweusi alikuwa na kamba mguuni. Alizunguka mwembe mpaka kamba ikaisha, akafa hapo. Mtetea mwekundu hakuwa na kamba, lakini alikuwa na mayai tisa. Hakuinuka. Tulimkuta amekufa katika kapu, mabawa yake ameyafungua juu ya mayai.

Bibi alikuwa amejifungia ndani, hakuumwa. Alitoka, akawatazama wote wawili. Hakunigombeza. Alisema, "Kuku hakukukosea. Nyuki hakukukosea. Basi mtafute aliyekosa." Kisha akaniondolea miiba usoni, mmoja mmoja, kwa ukucha. Mwiba wa nyuki una meno, hukwama katika ngozi, na mfuko wa sumu hubaki nao ukiendelea kusukuma sumu. Kwa hiyo nyuki kibarua akituuma sisi hufa, na kwa hiyo mwiba wapasa kuondolewa upesi. Bibi alinitolea miiba 43. Hesabu hiyo naikumbuka kwa kuwa aliihesabu kwa sauti, na alipomaliza akasema, "Nyuki 43 na kuku 2." Ilikuwa Desemba, ziwa limefungwa, na theluthi ya akiba yake ilikuwa imelala juu ya mkeka.

Usiku ule nikauhamisha mzinga hatua 60 kutoka nyumbani, nikidhani nimefanya busara. Asubuhi, karamu nyingine ya kicheko: nyuki mia kadhaa walikuwa wamerudi penye mwembe, wanaizunguka nafasi tupu, kisha wakajikusanya juu ya beseni la Bibi la kufulia. Nyuki akitoka mzinguni kwa mara za kwanza huruka akiutazama, hujifunza mahali ulipo kwa alama za miti na nyumba. Ukiuhamisha hatua chache tu, yeye hurudi mahali pa zamani. Wazee wa kazi hii husema, uuhamishe kwa hatua moja au uuhamishe kwa kilomita kadhaa, katikati hapana. Mjomba akaja Jumamosi, tukaungoja usiku, tukaziba mlango wa mzinga kwa nyasi, tukauchukua juu ya baiskeli mpaka shambani kwake porini, mbali na watu na mifugo. Njiani hakusema neno. Tulipofika alisema moja tu: "Ningekuja Jumamosi."

Nimejiliwaza kwa kusoma kwamba makosa haya hayawapati wanafunzi tu. Mwaka 1956 Profesa Warwick Kerr wa Brazil alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika ya Kusini na Tanganyika, akitaka kupata nyuki wenye bidii kwa nchi ya joto. Mwaka 1957 malango ya kuwazuia malkia yaliondolewa katika mizinga yake, na makundi 26 yakatoroka. Wakaenea Amerika ya Kusini yote ya joto, wakapanda kaskazini, na mwaka 1990 wakaingia Texas, Marekani. Watu na mifugo waliumwa, wengine wakafa, na magazeti yakawaita nyuki wauaji. Lakini hawakuwa na uovu mpya. Walikuwa nyuki wa kwetu, waliozoea kujilinda na nyegere, siafu, moto na watu. Wabrazil walipojifunza kuweka mizinga mbali na nyumba, kuvaa vizuri na kutumia moshi mwingi, nyuki hao hao wakawapa asali nyingi ya kuuza nchi za nje. Nyuki hawakubadilika sana. Wafugaji ndio waliobadilika.

Desemba iliyopita, mimi na Mjomba tulikwenda porini magharibi. Tulinawa mikono. Tulichoma magunzi. Tuliinua ufito mmoja baada ya mwingine, tukachukua masega ya asali iliyofunikwa kwa nta, tukayaacha yenye watoto na mengine ya chakula chao. Niliumwa mara mbili tu, na hapakuwa na mtu wa kunitazama. Asali ilipokwisha chujwa ilikuwa ndoo moja isiyojaa vizuri. Niliiuza Kashikishi, nikanunua mitetea miwili, mmoja mweusi na mmoja mwekundu. Nikampelekea Bibi. Akawapokea, akawapima kwa mkono, akasema, "Mweusi umenilipa. Mwekundu alikuwa na mayai tisa." Basi deni langu ni vifaranga tisa, nami nalilipa kidogo kidogo, mpaka sasa nimefika sita.

Kwa wanafunzi watakaopenda mchezo huu nina maneno machache. Mzinga uwe mbali na nyumba, njia na mabanda, tena usifunge mnyama karibu nao. Uende kwa nyuki magharibi, pamoja na mtu ajuaye, na moshi uliopoa. Anayeumwa akavimba koo au akashindwa kupumua apelekwe hospitali mara moja, asingoje. Kuku wapate chanjo na makombo ya dagaa. Na kila utakapochekwa, cheka pamoja na wanaokucheka, kisha rudi peke yako uulize: je, kuku huyu alijua nini, nyuki huyu alijua nini, ambacho mimi sikukijua? Ukipata jibu, umevuna kabla ya asali.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Walisema fuata, hawakusema tangulia.